Balungi la uani, machungwa ya Teso na figo zilizopungua nguvu

“Daktari, hujambo. Nina miaka 54, naishi Walukuba, Jinja. Mwaka jana nilikutwa na presha, na mwezi wa tatu mwaka huu nikaambiwa figo nazo zimepungua nguvu. Karatasi ya maabara imeandikwa eGFR 41 na potasiamu 5.3. Dawa ninazomeza ni za presha, nifedipini asubuhi na jioni na losartani, kisha atorvastatini ya kolesteroli usiku. Hospitali waliniambia nipunguze machungwa na ndizi kwa ajili ya potasiamu, basi, foleni ikasonga. Baadaye binti ya dada yangu akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la chakula cha alkali. Mwalimu wa pale anasema matunda chotara yanatia damu asidi: machungwa ya Teso ya kubebesha, machenza yasiyo na mbegu, tanjelo, yote niache. Ameniruhusu ndimu ndogo yenye mbegu, danzi (lile chungwa chungu), na balungi, maana mti wangu wa uani marehemu mume wangu aliupanda kwa mbegu. Sasa ni wiki ya sita, kila asubuhi nakunywa maji ya ndimu na glasi moja ya balungi. Mwanzo nilijisikia mwepesi. Siku hizi nikisimama ghafla kichwa kinazunguka, na jioni miguu inavimba. Kundini wanasema ni sumu inatoka. Chungwa nalipenda mno na msimu umefika. Je, haya matunda chotara yanaingia kwenye mlo wangu au niyasahau kabisa?”

Mama yangu, sijambo. Kuna jambo moja haliwezi kungoja mwisho wa barua: glasi ya balungi ya kesho asubuhi usiinywe. Vidonge endelea navyo vyote kama ulivyoandikiwa, usiache hata kimoja, na wiki hii hii nenda ukapimwe presha ukiwa umekaa na tena ukiwa umesimama. Sababu nitaieleza kwa kirefu huko chini. Jambo la pili, mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Kupunguza au kubadili dawa ni kazi ya aliyekuandikia. Langu ni sahani na glasi.

Nimefurahi umetuma namba. Wengi huniandikia “figo zangu ni mbaya, nile nini?” nami hubaki nakisia kama mtu anayenunua viatu vya mwenzake. Zako zinasema hivi: eGFR 41 ina maana figo zinachuja chini ya nusu ya uwezo wa figo za mtu mzima mwenye afya, na madaktari huiita hatua ya 3b. Potasiamu ya kawaida iko kati ya 3.5 na 5.0. Yako imevuka kidogo. Ni namba ya kushughulikia, lakini haijafika pa kukukosesha usingizi.

Ninachokiona ni kwamba umebeba orodha mbili zisizojuana. Ya hospitali inahusu kilichomo ndani ya tunda. Ya kundini inahusu tunda lilizaliwaje. Ukizichanganya, chungwa limekatazwa mara mbili, na balungi limepenya katikati bila mtu kulikagua. Bahati mbaya, katika jamii nzima ya machungwa, hilo ndilo la kwanza ambalo mtu mwenye dawa zako angepaswa kulikagua.

Tuanze na hilo neno chotara, kwa sababu ndilo lililokutia hofu.

Jamii ya machungwa ina wazee wachache sana. Chimbuko lake liko Asia, kwenye vilima vya kusini mashariki mwa Himalaya, na wazee wakuu ni watatu: furungu, lile kubwa lenye ganda nene, chenza la kale, na sitroni, tunda lililojaa ganda na kuwa na nyama kidogo. Wanasayansi wamesoma vinasaba vya miti hii, na mwaka 2018 ilichapishwa ramani kubwa ya ukoo wao. Inaonyesha kwamba karibu kila kitu tunachokijua sokoni ni mtoto, mjukuu au kitukuu wa ndoa za hao wazee. Chungwa tamu limetoka kwa furungu na chenza. Danzi nalo ni la furungu na chenza, ila kwa ndoa nyingine. Limau ni mtoto wa danzi na sitroni. Ndimu ndogo yenye mbegu, ambayo mwalimu wako anaiona safi kuliko zote, ni mtoto wa sitroni na tunda la porini la huko Ufilipino.

Na balungi? Hilo ndilo chotara la juzi juzi kuliko yote matatu uliyoruhusiwa. Lilitokea Barbados, kwenye visiwa vya Karibiani, katika karne ya 18, pale furungu na chungwa tamu vilipokutana shambani bila kupangwa na mtu. Wenyeji wa kule waliliita tunda lililokatazwa, lile la bustani ya Edeni, na hata jina lake la kisayansi, Citrus paradisi, limebeba habari hiyo ya peponi. Nilicheka kidogo nilipoona kwamba kundini kwenu ndilo lililohalalishwa.

Kwa hiyo kwenye orodha uliyopewa, ndimu, danzi na balungi, hakuna hata moja ambalo si chotara. Kanuni ile ingefuatwa kwa haki ungebaki na furungu, sitroni, na machenza ya kale ambayo sijui ungeyapata soko gani, kwani machenza mengi ya leo, haya ambayo Kampala huitwa mangada, yana damu ya furungu ndani yake.

Usichanganye pia vitu vitatu ambavyo watu huviweka kapu moja. Chotara ni matokeo ya chavua ya mti huu kuangukia ua la mti ule, iwe kwa nyuki au kwa mkono wa mtaalamu. Kubadilisha vinasaba maabara ni shughuli nyingine kabisa. Na kubebesha ni kazi ya kisu na uzi: mkulima wa Kumi au Serere, huko Teso, anaotesha mbegu ya limau lenye ganda la makunyanzi ili apate mizizi yenye nguvu, kisha anapachika juu yake kikonyo cha Valencia au Washington Navel. Mizizi inabaki ya limau, matunda yanakuja ya Valencia. Kubebesha hakuongezi kitu cha ajabu ndani ya chungwa, kama vile nyumba haibadiliki wakaaji kwa kujengewa msingi mwingine.

Kuhusu mbegu, mti wa marehemu mzee una hadithi yake nzuri. Je, umewahi kuona mbegu moja ya balungi au chungwa ikichipusha miche miwili au mitatu? Miche hiyo mingi haitokani na ndoa ya ua. Inatokana na mwili wa mama yenyewe, ni nakala yake tupu. Maana yake mti ulioota kwa mbegu pale uani kwako, kwa uwezekano mkubwa, ni balungi lile lile la mama yake, na mama yake ni la mama yake, kurudi nyuma hadi Barbados. Kupanda kwa mbegu hakujaufanya usiwe chotara. Na chungwa la Washington Navel lisilo na mbegu halikutengenezwa na kiwanda chochote. Lilitokea lenyewe kwenye tawi la mti huko Bahia, Brazili, watu wakalipenda, likaenezwa kwa kubebesha.

Sasa hiyo asidi na alkali. Damu ya binadamu inakaa kati ya pH 7.35 na 7.45. Mapafu yanatoa hewa ukaa, figo zinatoa asidi, na kazi hiyo haisimami hata umelala. Chungwa halina ubavu wa kuitoa damu humo, liwe chotara au lisiwe. Isitoshe, ile asidi ya ndimu na machungwa inayouma ulimi, ikishasagwa mwilini, sehemu yake hugeuka kuwa kitu kinachopunguza asidi kwenye mkojo. Hilo ni kweli kwa ndimu na ni kweli vile vile kwa chungwa la Soroti, huko huko Teso.

Lakini nisiwaonee wa kundini. Kuna punje ya ukweli: figo zikipungua nguvu, asidi kweli inaweza kubaki mwilini, na daktari huipima na kuitibu, wakati mwingine kwa vidonge vya baikaboneti vilivyopimwa. Punje hiyo ndiyo inayowafanya watu wakoroge magadi ya kuokea kwenye maji ya ndimu. Hukutaja kama unafanya hivyo. Kama unafanya, acha. Kijiko kimoja cha chai cha magadi hayo kina takriban miligramu 1260 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2000 kwa siku nzima. Kwa mwenye presha na miguu inayovimba, hiyo ni chumvi iliyovaa kanzu nyeupe.

Nirudi kwenye balungi.

Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna vimeng'enya, na kimoja kinaitwa CYP3A4. Mchukulie kama askari wa geti. Ukimeza nifedipini, yeye hukamata sehemu kubwa ya dawa na kuivunja kabla haijafika kwenye damu. Waliotengeneza kidonge wanajua hilo, na kipimo wameshakipandisha kufidia kinachopotea getini. Balungi lina kemikali ziitwazo furanokumarini, na hizi hazimsumbui askari tu, zinamuua. Dawa inapita kwa wingi zaidi. Kidonge chako kimoja kinaweza kufanya kazi kama kimoja na nusu, au zaidi, na hakuna anayejua ni kiasi gani kwa sababu watu hutofautiana sana.

Hili liligunduliwa kwa bahati tu. Mwaka 1989, huko Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe inaathiri dawa ya presha iitwayo felodipini, ndugu wa damu wa hiyo nifedipini yako. Walitumia juisi ya balungi ili kuficha ladha ya pombe, washiriki wasijue nani amepewa nini. Viwango vya dawa kwenye damu vikaja juu kuliko walivyotegemea, na ikabidi wamtafute mhalifu. Alikuwa ni juisi.

Najua swali lako linalofuata, kwa sababu kila mtu huuliza: je, nikinywa balungi alfajiri na dawa nikaimeza baadaye? Haisaidii. Askari aliyekufa hafufuki. Utumbo unalazimika kuajiri wapya, na kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu. Glasi moja inatosha kuharibu mambo, nawe umekunywa kila siku kwa wiki sita, yaani geti limekuwa wazi muda wote huo.

Kizunguzungu ukisimama, miguu kuvimba, kichwa kuuma na uso kuwaka moto ni dalili za nifedipini ikizidi. Sisemi kwa hakika kwamba ndiyo sababu kwako. Nifedipini huvimbisha miguu ya watu wengine hata bila balungi, na figo zenyewe zinaweza kufanya hivyo. Ndiyo maana nimekutuma ukapimwe badala ya kukupa jibu kwa barua. Ila “sumu inatoka” si maelezo. Sumu haitoki kwa kushukia kwenye vifundo vya miguu.

Atorvastatini nayo hupita geti lile lile. Ikizidi, misuli huuma mwili mzima kana kwamba umelima siku nzima, na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Ukiona hivyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Losartani haiguswi sana na balungi, lakini ina tabia yake ambayo nitaisema.

Jambo lingine ambalo watu husahau: ukiacha balungi, dawa zitashuka kwenye damu. Kama kuna mtu alikupima presha ndani ya hizi wiki sita akaona ni nzuri, huenda alikuwa anapima nifedipini pamoja na balungi. Kwa hiyo rudi upimwe tena baada ya kama wiki moja, na umwambie muuguzi wazi: “Nilikuwa nakunywa balungi kila siku, nimeacha tarehe fulani.” Sentensi hiyo ina thamani kuliko nusu ya barua hii.

Na hapa ndipo uchotara unapokuwa na maana ya kweli, ingawa si ile ya kundini. Swali la maana ni tunda limerithi nini, na kutoka kwa nani. Furungu lina furanokumarini, balungi likazirithi. Danzi nalo linazo, na majaribio yameonyesha juisi yake inapandisha felodipini kama balungi lifanyavyo, kwa hiyo danzi liondoke kwenye glasi yako pia. Tanjelo ni mtoto wa chenza na balungi au furungu. Baadhi ya aina zake zimerithi kemikali hizo kidogo mno, lakini muuzaji wa soko la Owino hatakwambia anakuuzia aina gani, basi kwa mtu wa nifedipini naliweka kando. Chungwa tamu na chenza hazina kiasi cha kutia wasiwasi. Umeona mambo yalivyogeuka? Hayo mawili uliyonyimwa ndiyo yasiyogombana na vidonge vyako.

Ndimu iko katikati. Kukamulia ndimu moja kwenye jagi la maji au juu ya samaki hakuna neno. Potasiamu ya maji ya ndimu nzima ni kama miligramu 50 tu, na kwa mtu anayepunguza chumvi, ndimu ni rafiki mkubwa jikoni. Usichemshe maganda yake ukanywa kama chai, maana furanokumarini zimejaa kwenye ganda. Ni ukoo huo huo wa kemikali unaowaunguza ngozi watu wanaokamua ndimu nyingi na kutoka juani bila kunawa: kesho yake mikono ina mabaka mekundu, wiki inayofuata ni meusi. Na ukinywa maji ya ndimu, suuza mdomo kwa maji matupu, meno yasilike.

Tuje kwenye potasiamu, ambako hospitali walikuwa na haki ya kukutahadharisha. Figo ndizo zinazotoa potasiamu ya ziada. Zikichoka, inabaki kwenye damu, na ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo. Losartani huilinda figo kwa muda mrefu, lakini huongeza potasiamu kidogo, ndiyo tabia niliyosema. Usiiache kwa sababu hiyo. Daktari anaiandika akijua.

Wiki iliyopita nilinunua fungu la machungwa ya Teso, Valencia, bado ganda kijani. (Kijani si ubichi. Chungwa linahitaji usiku wa baridi ili ganda ligeuke njano, na Soroti baridi hiyo hawana.) Niliyamenya nikayapima kwenye mizani ya jikoni. Dogo lilikuwa gramu 96, kubwa gramu 170. Chungwa lina takriban miligramu 180 za potasiamu kwa kila gramu 100, kwa hiyo dogo lilinipa kama 170, kubwa kama 305. Halafu nikakamua mengine nijaze glasi ya mililita 250. Yaliingia matatu na nusu. Glasi ile ina karibu miligramu 500, sukari ya machungwa matatu na nusu, na zile nyuzi zenye faida nimezitupa kwenye ndoo. Ndiyo sababu nasema chungwa na juisi ya chungwa ni vitu viwili tofauti kwa mgonjwa wa figo. Glasi ya balungi nayo ina kama miligramu 400, kwa hiyo hata ungekuwa humezi kidonge chochote, wiki hizi sita ulikuwa unaongeza potasiamu kila asubuhi badala ya kuipunguza.

Lakini mama, nina swali ambalo naona hakuna aliyekuuliza. Walipokwambia “punguza ndizi”, wewe ulisikia ndizi ipi? Kwenye Kiswahili cha vitabuni ndizi ni zote. Hapa kwetu Uganda ukisema ndizi, mtu anaona kile kichana cha vidole vidogo vitamu kinachouzwa stendi, au basi bogoya, zile ndefu za kuiva. Matoke, zile mbichi za kupika, yanabaki matoke. Nimekutana na wagonjwa wengi walioacha kindizi kimoja cha kutafuna na kuendelea na sahani mbili za matoke kwa siku kwa roho nyeupe kabisa. Sahani ya wastani ya matoke inaweza kubeba potasiamu ya machungwa manne au matano. Ukiimwagia mchuzi wa karanga na pembeni kukawa na maharage na nusu ovakado, umeshamaliza mgao wa siku kabla chungwa halijamenywa. Wagonjwa wenye potasiamu ya juu wengi huwekewa kati ya miligramu 2000 na 3000 kwa siku.

Tena tatizo liko kwenye upishi. Matoke yetu hufukizwa ndani ya majani ya mgomba, hayaguswi na maji, kwa hiyo potasiamu yote inabaki mle mle. Katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na mchuzi wake, ndiyo zaidi, maana potasiamu inatoka kwenye ndizi, inaingia kwenye mchuzi, na mchuzi unaunywa. Njia ya mgonjwa wa figo ni kumenya, kukata vipande vidogo, kuchemsha kwenye sufuria kubwa yenye maji mengi, kuyamwaga maji yale, na kumalizia kwa maji mapya. Hufanya hivyo hivyo kwa viazi. Najua Mganda anayesoma hapa ameshanuna. Mimi mwenyewe mama yangu alinitazama kama nimetukana ukoo nilipomwonyesha. Ladha inapungua, sikatai. Basi kula ya kuchemsha siku za kawaida, kwa kiasi, na siku nyingine kula posho (ugali wa mahindi) au wali mweupe ambavyo potasiamu yake ni ndogo sana ukilinganisha.

Ukifanya hivyo, chungwa linapata nafasi. Ningekuwa nawe mezani ningekupangia hivi: kwanza matoke na maharage yapunguzwe, balungi na danzi viondoke, kisha chungwa dogo moja, la kutafuna, siku moja ndiyo siku moja hapana, mpaka upimwe tena potasiamu baada ya wiki mbili. Ikishuka chini ya 5, dogo moja kila siku halina shida, au machenza mawili madogo mahali pake. Liwe la kubebesha, liwe na mbegu au lisiwe nazo, hilo halimo kwenye hesabu. Ikibaki 5.3 au kupanda, tunarudi kwenye sahani nzima kabla ya kulilaumu chungwa. Na mwombe daktari aangalie kama sampuli ilikuwa nzuri, kwa sababu damu ikivutwa kwa shida au ikikaa sana kabla ya kupimwa, chembe hupasuka na kumwaga potasiamu, namba ikaja juu bila kosa lako.

Unaweza pia kuamua kuacha machungwa yote. Ni njia halali, na wengine huiona rahisi kuliko kupima kila siku. Nanasi la Kayunga lina potasiamu kama miligramu 110 kwa gramu 100, na vitamini C yake inatosha. Ila wewe umesema chungwa unalipenda mno, na mimi sioni sababu ya kumnyima mtu anachokipenda wakati kilichojaza kikapu ni kingine. Matunda ya pasheni yaende polepole, yana karibu mara mbili ya potasiamu ya chungwa kwa uzito ule ule. Tunda lile linalokatwa likatoa umbo la nyota usiliguse kabisa. Lina sumu ambayo figo dhaifu haziwezi kuitoa, na limewahi kuwaletea wagonjwa wa figo degedege na kifo. Vidonge vikubwa vya vitamini C hapana. Na ukiwa na maumivu ya mgongo usikimbilie diklofenaki au ibuprofeni za dukani, hizo zinaziumiza figo kuliko chungwa lolote lililowahi kuota Teso. Muulize mfamasia, na mwonyeshe karatasi yako.

Usingoje miadi ikiwa moyo unapiga bila mpangilio, miguu au mikono inalegea ghafla, umezimia, mkojo umepungua sana, au unashindwa kupumua ukilala chali. Hapo ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku, na ubebe vidonge vyote kwenye mfuko mmoja ili wavione. Namba ya potasiamu ikija 6 au zaidi, vivyo hivyo. Kizunguzungu ulicho nacho sasa, kama hujaanguka, kinaweza kusubiri kliniki ya wiki hii, lakini kisipite wiki. Asubuhi kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu hadi thelathini, ndipo usimame.

Kuhusu kundi la WhatsApp, si lazima ugombane na mtoto wa dada yako. Mwambie tu umeambiwa upimwe kwanza. Na umuulize kwa upole kama kuna wengine humo wanaokunywa balungi huku wanameza dawa za presha au za kolesteroli, kwa maana nina hakika hauko peke yako.

Mti wa mzee usiukate. Balungi ni tunda zuri kwa asiyetumia dawa hizi, na wajukuu wakila halitawadhuru. Ila najua nyua za Walukuba, mabalungi yakiiva mtu hujaza kikapu na kukipeleka kwa jirani. Kabla hujakikabidhi, muulize mwenye nyumba anameza vidonge gani.